Wiski ya Shira ya Mepo na Asali: Mwongozo Kamili kutoka Vermont

Wiski nyingi za asali zinazouzwa madukani zina kasoro moja, nayo ni utamu. Ukimeza, ulimi unabaki na sukari tu: nyuki humwoni, mti huuoni, hata nafaka iliyozaa wiski yenyewe imezama. Hapa Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, shira ya mepo, yaani maji ya mti wa mepo (maple) yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, na asali ni mazao ya jirani. Watengenezaji wadogo wa pombe kali wamejifunza kuvitumia kama mpishi anavyotumia iliki, yaani kidogo, kwa ajili ya harufu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo jikoni kwako kwa wiski uliyoinunua dukani, tangu kuchagua vitu vitatu vinavyohitajika hadi kuchuja tope linalotulia chini ya chupa.

Asiyekunywa naye asiondoke mapema. Sehemu ya shira na asali itamfaa kwa kaimati na chapati za maji.

Mipaka kwanza

Hapa tunachanganya, hatukeneki, yaani hatupiki pombe kali kwa kukusanya mvuke wake. Kukeneka pombe kali Marekani kunataka leseni ya serikali kuu, na adhabu zake si za mchezo. Tanzania mpika gongo wa uani anakamatwa, na Kenya chang'aa iliruhusiwa na sheria ya 2010 kwa masharti ya leseni na viwango. Zaidi ya sheria kuna methanoli, kileo chenye sumu, na aliyewahi kusikia habari za watu kupofuka baada ya kunywa pombe ya kupikwa ovyo hahitaji mahubiri yangu. Ukinunua wiski iliyofungwa kiwandani ukaichanganya kwa matumizi yako na wageni wako, uko salama pande zote mbili. Ukiiuza, hata chupa moja kwa rafiki, umeingia kwenye mambo ya leseni. Na Marekani, aliye chini ya miaka 21 hauziwi pombe.

Shira: hapa ndipo kazi ilipo

Mepo wa sukari ni mti wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, jamaa ya jani lile la bendera ya Kanada. Kati ya mwisho wa Februari na Aprili, usiku kunapoganda na mchana kukayeyuka, maji ya mti huanza kwenda. Mkulima hutoboa tundu dogo shinani, akachomeka bomba, na maji yakatiririka. Yakiwa mabichi huwezi kuyatofautisha na maji ya kisima, kwa kuwa sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Ndiyo maana lita moja ya shira hula takriban lita 40 za maji ya mti. Wenyewe wana hesabu ya haraka: chukua 86, gawanya kwa asilimia ya sukari iliyo kwenye maji, jibu ni idadi ya lita unazohitaji. Maji ya asilimia 2 yanakupa 43.

Kuchemsha hufanyika kwenye kibanda chenye tundu kubwa juu ya paa la kutolea mvuke, na katika majira hayo ukipita barabara za mashambani unaona mawingu meupe yanapanda toka msituni hata kabla hujaona nyumba. Shira huwa tayari joto lake linapozidi kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi, yaani karibu 104 kwa mtu aliye usawa wa bahari. Sheria ya Vermont inataka sukari isipungue asilimia 66.9. Ikiwa chini ya hapo huota ukungu mapema, ikizidi mno hugeuka mawe ya sukari chini ya chupa.

Sasa daraja. Tangu 2014 Vermont hupanga shira ya kula katika daraja nne kwa kuangalia kiasi cha mwanga unaopita ndani yake: Golden hupitisha asilimia 75 au zaidi, Amber kati ya 50 na 75, Dark kati ya 25 na 50, na Very Dark chini ya 25. Zote huitwa Grade A, kwa hiyo herufi hiyo kwenye lebo haikuambii lolote kuhusu ladha. Tafuta neno la rangi. Wageni wengi hununua Golden kwa sababu inapendeza machoni na husemwa kuwa ndiyo laini. Kwa maandazi sawa. Kwa wiski ni kupoteza fedha, kwani harufu yake nyepesi huliwa yote na pombe na kinachobaki ni utamu peke yake. Nunua Dark. Very Dark pia inafaa ukiitumia kwa mkono mwepesi, kwani ina uchungu wa sukari iliyoungua unaokaribia kahawa. Shira nyeusi hutoka mwisho wa msimu, hali ya hewa inapopata joto na vijidudu vidogo kwenye maji ya mti vinapovunja sukari yake kuwa aina inayoungua upesi kwenye sufuria. Na mara nyingi si ghali zaidi.

Ukitaka kuijua harufu unayoifuata, kaanga punje chache za uwatu bila mafuta hadi zibadilike rangi, kisha zinuse. Kuna kemikali iitwayo sotoloni ndani ya uwatu, na hiyo hiyo imo ndani ya shira ya mepo. Ndiyo maana ladha bandia za mepo hutengenezwa kwa kutumia uwatu. Hilo linanileta kwenye onyo. Rafu za maduka ya Marekani zimejaa chupa za plastiki zenye picha za chapati nono na shira ya kahawia inayomiminika polepole. Ndani yake ni sukari ya mahindi, rangi na ladha ya kubuni. Geuza chupa, soma viambato. Shira ya kweli ina kiambato kimoja. Ile bandia ukiitia kwenye wiski unapata dawa ya kikohozi.

Jambo la mwisho kuhusu shira, linalowakuta wengi bila kutarajia: madini. Maji ya mti yakichemshwa hutoa chembe ngumu ambazo Wavermont huziita mchanga wa sukari, hasa chumvi ya kalsiamu. Wakulima huichuja shira ikiwa moto, lakini kiasi fulani hubaki kimeyeyuka, na pombe ikiingia huganda na kushuka chini. Kumbuka hili, tutalirudia.

Asali

Asali ni rahisi kuipata na ngumu kuichagua. Asali ya klova (maua ya majani ya malisho), nyeupe na tulivu, ndiyo iliyojaa madukani. Inaleta ulaini mdomoni bila kuongeza hadithi. Asali ya mwisho wa kiangazi, ya yale maua ya njano yanayofunika mashamba ya Vermont na New York kuanzia Agosti, ina ukali kidogo na harufu ya majani makavu, na mimi huichagua hiyo. Asali ya maua ya bakwiti (buckwheat) ni nyeusi kama molasi na ina harufu ya zizi. Wapo wanaoipenda kwenye wiski, mimi simo.

Ukiwa Afrika Mashariki, usiagize asali ya Marekani kwa ajili ya kazi hii. Asali ya Tabora, ya misitu ya miombo, ina rangi na uzito unaosimama mbele ya wiski yoyote. Asali ya mizinga ya magogo iliyorinwa kwa moto hubeba harufu ya moshi, jambo ambalo wanunuzi wa nje hulihesabu kuwa dosari. Ndani ya wiski ni zawadi. Iwe ya Kitui, Baringo au Tabora, hakikisha imechujwa masega. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni jambo jingine. Ina maji mengi kuliko asali ya kawaida na uchachu wa kuchangamsha, kwa hiyo itie nusu ya kiasi, uonje, uamue.

Asali mbichi, isiyopashwa moto kiwandani, ina harufu zaidi. Ina pia chavua, protini na nta nyingi zaidi, navyo hutia wingu kwenye kinywaji. Mimi huchukua harufu nikakubali kazi ya kuchuja. Todd Hardie, mfugaji nyuki aliyeanzisha kiwanda cha Caledonia Spirits katika mji mdogo wa Hardwick mwaka 2011, aliijenga jini (gin) yake ya Barr Hill juu ya wazo hilo hilo: asali mbichi huingia mwishoni, baada ya ukenekaji kwisha, ili moto usiiguse. Si wiski, lakini somo ni lile lile. (Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali yoyote, hata kwa kidole.)

Wiski

Kuna mambo mawili ya kuangalia: nafaka na nguvu.

Burboni, wiski ya Marekani, kwa sheria ya huko ni angalau asilimia 51 mahindi na hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Kwa hiyo tayari ina utamu wa vanila na karameli. Ukiiongezea shira na asali, unaweka tamu juu ya tamu. Wiski ya rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi, ina ukali wa pilipili manga na mnanaa, na ukali huo ndio unaoshika utamu usielee. Ushauri wangu ni rai. Ukikosa, tafuta burboni yenye rai nyingi kwenye mchanganyiko wake. Wiski ya Scotland yenye moshi mzito huua mepo kabisa, ingawa kwa asali ina historia yake: Drambuie ni wiski ya Scotland iliyotiwa asali na viungo, na bado ina asilimia 40 ya kileo.

Nguvu ndiyo sehemu ambayo watu huiruka. Shira na asali ni ujazo usio na kileo, kila mililita inapunguza makali. Chukua chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40, uitie mililita 60 za vitu vitamu: kileo ni mililita 300, ujazo umekuwa 810, umebaki na asilimia 37. Ukianza na wiski ya asilimia 50, ambayo lebo za Marekani huiandika prufu 100, unamaliza na asilimia 46. Tofauti hiyo unaisikia mara ya kwanza unapoionja, kwani ya pili ni wiski yenye harufu ya mepo, ya kwanza ni shira yenye harufu ya wiski. Nunua ya asilimia 50, au 45 kama mfuko hauruhusu. Usinunue ya miaka 12 yenye sanduku la mbao. Ya kati, iliyo safi, inatosha kabisa.

Kwa aliye Vermont: pombe kali huko husimamiwa na serikali ya jimbo, kwa hiyo usipoteze petroli ukizunguka maduka kutafuta nafuu, bei ni moja.

Vifaa

Chupa ya kioo ya mdomo mpana ya lita moja yenye kifuniko kinachobana, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, faneli, kitambaa cha melimeli, karatasi za kuchujia kahawa, na chupa ya kuhifadhia. Plastiki usitumie. Osha vyote kwa maji moto, suuza hadi harufu ya sabuni iishe, kausha.

Hatua ya kwanza: jaribio la glasi nne

Usimimine shira kwenye chupa nzima kabla ya jaribio hili. Panga glasi nne, kila moja mililita 50 za wiski. Kwa sirinji, tia mililita 1 ya shira katika ya kwanza, 2 katika ya pili, 3 katika ya tatu, 4 katika ya nne. Koroga kila moja mpaka zile nyuzi za mafuta-mafuta unazoziona zikielea ndani ya glasi zipotee. Ziache robo saa.

Onja kuanzia isiyo na utamu mwingi. Kwanza nusa, kisha tia matone ya maji, nusa tena, kwani pombe kali hufumba pua na maji huifungua. Hata wachanganyaji wa viwandani hunusa wiski iliyopunguzwa sana makali. Onja kidogo kidogo, utemee kikombe, vinginevyo glasi ya nne itakuwa nzuri kuliko zote kwa sababu zisizohusu shira. Swali la kujiuliza ni hili: harufu ya mepo inaanzia glasi gani? Hiyo ndiyo yako, hata kama inayofuata ni tamu zaidi. Wengi hutua kati ya 2 na 3.

Kisha chukua kiasi hicho, rudia kwa asali: nusu mililita, moja, moja na nusu. Asali hapa haina kazi ya kusikika kwa jina lake. Inajaza katikati ya mdomo, mahali ambapo shira peke yake huacha pengo kati ya utamu wa mwanzo na uchungu wa mwisho. Ukiisikia asali waziwazi, imezidi.

Mililita 750 ni mara 15 ya 50, kwa hiyo zidisha kwa 15.

Hatua ya pili: vipimo

Hiki ni kiwango cha kuanzia, kwa chupa moja ya mililita 750 ya rai yenye asilimia 50: shira Dark mililita 40, yaani gramu 53, asali mililita 20, yaani gramu 28. Pima kwa mizani, si kijiko, kwani asali hubaki kwenye kijiko na kila mara hubaki kiasi tofauti.

Mchanganyiko huu una takriban gramu 73 za sukari kwa lita. Kipimo kimoja cha mililita 45 kina gramu 3 na kitu, chini ya kijiko cha chai cha sukari. Kwa kulinganisha, Ulaya kinywaji hakiitwi likeri, yaani pombe kali tamu, mpaka kifikishe gramu 100 kwa lita, kwa hiyo bado tuko upande wa wiski.

Hatua ya tatu: kuchanganya

Weka chombo cha asali ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, si zaidi ya nyuzi 40, mpaka ilegee. Ni asali inayopata joto, siyo wiski. Wiski usiipeleke karibu na jiko hata kidogo: mvuke wa pombe ya asilimia 40 unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 26 hivi, joto la mchana wa kawaida Mombasa, na ya asilimia 50 huanzia chini ya hapo. Zima jiko, zima mshumaa, ndipo ufungue chupa.

Mimina shira na asali kwenye chupa ya mdomo mpana. Ongeza wiski kidogo tu, kama nusu kikombe, ukoroge hadi iwe kitu kimoja. Ukimwaga wiski yote mara moja, asali hukimbilia chini ikajikunja kama jiwe laini na utakoroga mpaka mkono ufe ganzi. Ikishakubaliana na ile nusu kikombe, mimina iliyobaki, funga, tikisa.

Itakuwa na wingu. Ishike mbele ya dirisha: rangi ya chai ya rangi iliyotiwa tone la maziwa. Usihangaike.

Hatua ya nne: kuilaza

Iweke kabatini, gizani, wiki mbili. Tikisa kila siku katika siku tatu za mwanzo, kisha iache kabisa. Katika wiki ya pili utaona tabaka mbili: juu inaanza kung'aa, chini kuna vumbi la kahawia hafifu lenye chembe. Ule ndio mchanga wa sukari pamoja na protini za asali. Ukiuonja unasikia chokaa ulimini. Hauna madhara, lakini hauna raha.

Ladha nayo hubadilika. Siku ya kwanza shira na wiski zinasikika kama watu wawili wanaoongea kwa wakati mmoja. Baada ya wiki mbili huwezi kusema moja inaishia wapi. Wapo wanaoilaza miezi. Kwenye kioo sioni faida baada ya mwezi.

Hatua ya tano: baridi na kuchuja

Peleka chupa kwenye friji siku tatu au nne bila kuitikisa. Baridi hugandisha vile vilivyokataa kushuka vyenyewe, zikiwemo nta za asali na mafuta ya wiski. Hata wiski tupu isiyochujwa kwa baridi huingia wingu ikishuka chini ya asilimia 46 hivi na kupoa, ndiyo maana chupa nyingi za wiski isiyochujwa huandikwa asilimia 46 au zaidi.

Ikiwa bado baridi, mimina taratibu sehemu ya juu iliyo safi kwenye chombo kingine, ukisimama mara tope linapokaribia mdomo. Hiyo ni zaidi ya tisa ya kumi ya kinywaji. Ipitishe kwenye melimeli, kisha kwenye karatasi ya kahawa uliyoilowesha kwa wiski kidogo. Karatasi itaziba, ibadilishe, usiikamue. Kazi hii huchukua jioni nzima, ichague siku ambayo una mpira wa kutazama. Tope lililobaki usimwage: ni kitu bora cha kupaka kuku wa kuchoma dakika za mwisho.

Onja tena. Ikiwa nyepesi mno, ongeza shira kwa sirinji, gramu tano tano, na uilaze tena siku kadhaa. Ikiwa tamu mno dawa ni moja, kuongeza wiski. Ndimu na maji havirekebishi chupa, vinarekebisha glasi.

Jambo moja la kipimo: kile kipima kileo cha kuelea kinachouzwa kwa bei nafuu hakifanyi kazi hapa. Sukari huongeza uzito wa kimiminika, kipima huelea juu zaidi na kukudanganya kuwa kileo ni kidogo kuliko kilivyo. Tumia hesabu ya mililita niliyoionyesha juu, kisha andika asilimia kwenye lebo ili mgeni ajue anachokunywa.

Njia ya pipa, kwa mwenye subira

Tuthilltown, kiwanda cha Gardiner, New York, kilichoanzishwa 2003 na kuwa cha kwanza kukeneka wiski katika jimbo hilo tangu zama za marufuku ya pombe, kilipata njia isiyotia shira hata tone moja kwenye wiski. Kilipeleka mapipa yake yaliyokwisha kutumika kwa Wood's, wazalishaji wa shira walioko Randolph, Vermont. Wood's walijaza shira, wakaiacha ikae, wakaitoa na kuiuza kama shira ya pipa la burboni. Mapipa yalirudi New York yakiwa yamenywa mepo kwenye mbao, yakajazwa rai. Matokeo, yaliyouzwa kwa jina la Hudson Maple Cask Rye, yalikuwa na harufu ya mepo na karibu hayakuwa na utamu.

Nyumbani unahitaji kipipa cha mwaloni cha lita mbili, ambacho huuzwa mitandaoni. Kijaze maji kwanza mpaka mbao zivimbe na kuacha kuvuja, kwa kawaida siku mbili au tatu. Mwaga maji, jaza wiski ya bei nafuu kwa mwezi mmoja ili mbao mbichi zitoe ukali wake na zinywe kileo. Itoe, kisha tia lita moja ya shira Dark, ukizungusha kipipa kila siku ili kila upande ulowe. Usisuuze kwa maji katikati ya hatua hizi: maji yaliyobaki hupunguza sukari ya shira, na shira nyepesi huota ukungu. Baada ya wiki tatu au nne toa shira, iweke friji, na jiandae kuilinda dhidi ya wenzako wa nyumbani, kwa sababu ni tamu kuliko wiski yenyewe. Kisha jaza rai ya asilimia 50.

Kuanzia hapo onja kila wiki. Kipipa kidogo kina mbao nyingi kwa kila lita kuliko pipa la kiwandani la lita 200, kwa hiyo mambo huenda mbio, na wiki moja ya kuchelewa hugeuza kinywaji kuwa chai ya mbao. Asali kwenye njia hii naitia mwishoni, gramu 10 kwa chupa, au siitii kabisa.

Ukitaka kununua iliyo tayari

Soma lebo. Wiski iliyoandikwa straight hairuhusiwi kutiwa ladha yoyote. Iliyoandikwa flavored whisky imetiwa, na sheria inaitaka iwe na angalau asilimia 30 ya kileo. Jack Daniel's Tennessee Honey, iliyoingia sokoni 2011 na kuwafungulia wengi mlango, ina asilimia 35. Sortilège ya Quebec, wiski ya Kanada na shira ya mepo, ina 30, na ni tamu kweli kweli. Ipeleke kwenye aiskrimu. Saxtons River, watengenezaji wa Brattleboro, wanatoa likeri ya mepo iitwayo Sapling ambayo ina mti ndani yake, si sukari tu. Chupa inayotaja shamba au daraja la shira huwa ina uhakika na ilichotia. Inayosema tu kuwa ina ladha za asili, iache rafuni.

Kunywa na kuhifadhi

Iliyochujwa vizuri hukaa kabatini zaidi ya mwaka, maana kileo kinailinda. Shira yenyewe ikishafunguliwa ni ya friji. Inywe kwa kipande kimoja kikubwa cha barafu na ganda la chungwa lililokamuliwa juu yake. Kwa baridi ya Januari, mililita 45 ndani ya chai ya tangawizi isiyotiwa sukari; maziwa usitie. Pia inakubali siki: Wavermont hula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji huku wakiuma tango la siki, na achari ya ndimu ya Pwani hufanya kazi ile ile kando ya glasi hii.

Watu wa Burlington na Winooski, miji ya Vermont ambako Kiswahili cha Kongo na Burundi unakisikia dukani, huniuliza kama wanaweza kubeba chupa waliyoitengeneza wanapokwenda nyumbani. Kwa ndege zinazoondoka Marekani, hapana: pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 inaruhusiwa kwenye mzigo wa chini hadi lita 5 kwa abiria, lakini lazima iwe kwenye chupa ya dukani ambayo haijafunguliwa. Beba shira badala yake, kwenye mzigo wa chini pia, maana mkononi chombo hakizidi mililita 100. Ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, kisha ndani ya nguo. Ukifika, nunua wiski na asali za huko huko na uanze upya na glasi nne, kwa sababu asali ya Tabora haitakubali vipimo vya klova.